Mkarafuu Kwenye Kopo la Rangi

Mke wa askari hupanda mchicha. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililijua mwenyewe baada ya kuhama mara ya pili. Mchicha unaota upesi, unachuma, unakula, na amri ya uhamisho ikitoka huna ulichopoteza. Ukipanda bamia, unajiamini kidogo. Ukipanda mpapai, majirani zako wa kota za jeshi wanaanza kuulizana kama mumeo ana ndugu yake makao makuu. Mimi nimepanda mchicha Songea, nimepanda Bukoba ambako mvua ilinisaidia kumwagilia, nimepanda Pemba nyuma ya jiko, na kote huko nilimwachia mtu mwingine tuta likiwa bado la kijani. Sijui walikula au waliwapa kuku.

Mume wangu ni Mnyamwezi wa Tabora, askari tangu kabla hajanioa. Mimi ni Mluguru wa Kinole, huko juu milimani, ambako watu wanalima ndizi, mananasi na viungo kwenye miteremko ambayo mgeni akiitazama anauliza mnashikilia nini msiporomoke. Makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara ya miguu, kwa hiyo harusi yetu ilikuwa na matusi mengi kuliko zawadi. Shangazi yake alinikagua mabega mbele za watu akasema, "Huyu ataweza mzigo kweli? Sisi tunaoa wabebaji." Mama yangu akamjibu kwamba Waluguru hawabebi, wanabebewa, na ndiyo maana wamekubali kumchukua Mnyamwezi. Nilicheka mpaka machozi yakaharibu poda. Sikujua kwamba miaka yote iliyofuata mbebaji ningekuwa mimi: masanduku, magodoro, ndoo, mtungi wa gesi, na watoto juu yake.

Watoto ni wawili. Wa kwanza wa kike, ambaye wakati wa habari hii alikuwa darasa la sita, na mdogo wake wa kiume, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na ndiyo kwanza yanaota upya. Sitaki mtu anionee huruma kwa ajili yao. Wanangu wamekula senene na wamekula pweza, wamelala kwenye baridi ya nyanda za juu na kwenye joto la pwani, na salamu za watu wa kila mahali tulipopita wanazijua kuliko mimi. Shikamoo inawatoka kabla hujawakonyeza. Ukiwaweka na wageni hawajifichi nyuma ya gauni langu, na ukiwapa chakula wasichokijua wanauliza kinaliwaje, hawaulizi ni nini. Wapo watu wazima waliosoma mpaka wakachoka ambao hawana adabu hiyo, na mimi nikiisema naisema kwa sauti.

Na kukabidhi nyumba walikujua. Nyumba ya kota si yako. Siku ya kuondoka anakuja mtu na kalamu sikioni, anahesabu taa, anajaribu vitasa, anagonga vioo vya madirisha kwa ukucha, ndipo mnaruhusiwa kwenda zenu. Binti yangu alikuwa fundi wa kuziba matundu ya misumari kwa dawa ya meno nyeupe. Anabonyeza kwa kidole, anapitisha kitambaa kibichi, na ukuta unakuwa kama vile hapakuwahi kuning'inizwa picha ya mtu. Wa kiume kazi yake ilikuwa kufagia uwanja na kurudisha mawe mahali tulipoyakuta. Nilikuwa nawatazama nikijisifu moyoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nami nilikuwa nimelea watu wasafi wasioacha alama.

Amri ya kuhamia Morogoro ilipotoka nilipiga kigelegele jikoni peke yangu. Morogoro! Tulipofika, milima yangu ilikuwa pale pale dirishani, asubuhi imejifunika ukungu, mchana imejifunua. Nilikwenda Mwembesongo nikanunua mapazia mapya yenye urefu wa madirisha yale yale, badala ya kukunjakunja ya zamani kama nilivyozoea. Mume wangu aliyatazama akasema, "Mke wangu, unajua sisi ni askari?" Nikamwambia askari ni yeye, mimi safari hii nakaa.

Halafu ikaja siku ya kikao cha wazazi shuleni. Mwalimu wa darasa la binti yangu, mwanamama mcheshi, alinivuta pembeni akanisimulia kwamba wiki ya kwanza aliwauliza wanafunzi wapya kwao ni wapi. Binti yangu alisimama akasema, "Kota, nyumba ya mwisho kabla ya uzio." Mwalimu akamwambia, siyo unapokaa, kwenu hasa, asili yenu. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akajibu kwa heshima zote, "Bado hatujapangiwa."

Darasa zima lilicheka, mwalimu alicheka, na mimi nilicheka pale ofisini mpaka nikashika meza. Nilipofika barabarani kicheko kikaniishia. Nilianza kumchunguza mwanangu. Wenzake aliwataja kwa vitu: yule anayekaa dirishani, yule mwenye begi jekundu, yule anayekohoa. Majina hakuwa nayo. Nilipomuuliza kwa nini hajifunzi majina ya wenzake na mwaka unakatika, alinitazama kama vile nimeuliza kwa nini hatupiki mawe. "Mama, si tutahama? Nitaanza tena wengine."

Liliniuma, tena liliniuma vibaya. Nilikuwa nimempa nchi nzima na hakuwa na mahali hata padogo pa kusimama akasema hapa ndipo. Nikaapa kwamba kila likizo nitawapandisha Kinole kwa mama yangu, wapende wasipende.

Mara ya kwanza tulipopanda kwa bodaboda kutoka Mkuyuni, mimi na wa kiume kwenye moja, dada yake kwenye nyingine, mama alikuwa barazani anamenya ndizi za kupika. Si mwanamke wa kukumbatia watu. Aliitikia shikamoo zetu, akawapa watoto visu na wao wamenye. Mwanangu wa kiume alimenya moja vibaya, akainua macho akaitazama nyumba: matofali ya kuchoma, bati lenye kutu pembeni, pilipili manga zimeanikwa kwenye jamvi. Akauliza, "Bibi, hii nyumba utaikabidhi lini?"

Mama yangu hakuelewa, nikamweleza. Alicheka mpaka kisu kikamwanguka. "Siku nitakayobebwa, mume wangu," akamwambia. "Na hakuna wa kuja kunihesabia taa."

Mama alikuwa na jambo lake, nami nililijua. Kwetu ardhi hupita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hata baba yake awe jenerali. Mama alikuwa na kishamba karibu na kijito, chenye udongo mweusi na kivuli cha migomba, alichopewa na mama yake, na alitaka kumwonyesha binti yangu mipaka yake angali ana nguvu za kuteremka huko. Lakini mambo ya ardhi hayaamuliwi na mtu mmoja. Msemaji wa ukoo ni kaka yangu mkubwa, mjomba wa wanangu, mtu wa kanisa, mkulima hodari, mwenye sauti ya kutosha kuita watu mlima wa pili bila simu. Yeye aliona kishamba kile apewe binti wa marehemu dada yetu, ambaye amekaa kijijini maisha yake yote na mahali pa kulima pamekuwa padogo. Hakuwa na ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mwenye ubaya ni rahisi kumpinga.

"Hawa watoto ni wa kupita," alisema mbele yangu. "Leo wapo, kesho wako Bukoba. Mali ya lukolo haitunzwi na watu wa kupita." Lukolo ni ukoo kwa Kiluguru, na kaka yangu akianza kuingiza Kiluguru ujue amekaa vizuri kwenye kiti.

Mama akamjibu kwamba mtoto apande mti, kisha tutaona. Neno hilo lina uzito kwetu. Mgeni anaweza kuazimwa shamba akalima mahindi, maharage, hata mihogo, lakini mti wa kudumu hapandi, kwa sababu anayepanda mti amesema hapa ni pangu. Nilikua nikiijua sheria hiyo kama ninavyojua njia ya kwenda mtoni. Kaka alikubali. Apande, alisema, tena autunze kila likizo, na mti ukishika yeye hatakuwa na neno.

Kwa hiyo wakati wa masika, shule zilipofungwa kwa mapumziko mafupi, mama alimpa binti yangu mche wa mkarafuu. Mkarafuu ni mti wa kudeka. Mche wake unataka kivuli, unataka unyevu, hautaki mizizi yake iguswe, na karafuu ya kwanza unaweza kuingoja mpaka mtoto aliyeupanda awe na mume. Binti yangu alichimba shimo, akauweka, akaufukia taratibu, akauzungushia majani makavu ya mgomba. Wiki ile yote alikuwa anauamkia. Jioni moja nilimsikia akiusimulia habari za Pemba, kwamba huko ndugu zake wako wengi mpaka barabara zinanukia. Nilirudi nyuma polepole asinione, moyo wangu umejaa.

Aliporudi mjini alianza kuuliza likizo ndefu ni lini. Hata majina mawili matatu ya wenzake yalianza kumtoka. Nilimwambia mume wangu kwamba dawa imeingia.

Likizo ndefu ikaja, kipupwe kimeanza, tukapanda tena milimani. Mti ulikuwa umeongeza majani. Kaka yangu mwenyewe alipita kuutazama, akaguna tu, na guno la kaka yangu ni sifa.

Tulikuwa tunakaribia kurudi mjini, asubuhi moja, tunamenya ndizi, simu ikaita. Mtandao pale kwa mama unapatikana kwenye kona moja ya baraza, kwa hiyo kila anayezungumza anasikiwa na wote. Ilikuwa sauti ya mume wangu. Hakuzunguka. "Mke wangu, amri imetoka. Kigoma, na muda si mrefu. Jumamosi napanda kuwachukua."

Sikunyamaza. Nilisema kuhusu mapazia, nilisema kuhusu shule, nilisema kwamba jeshi lina askari wengi na Kigoma si lazima aende wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, akaniambia pole. Nilipokata simu nikaona binti yangu ameshaweka kisu chini na kunawa mikono. Hakulia. Aliingia ndani nikamsikia anakunja nguo.

Kesho yake asubuhi nilisikia mama yangu anapiga ukelele huko kijitoni. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Nilimkuta amesimama mbele ya mahali ulipokuwa mkarafuu. Hapakuwa na mti. Hapakuwa hata na shimo. Ardhi ilikuwa imefukiwa, imesawazishwa kwa kiganja, na majani ya mgomba yametandazwa juu yake vizuri, kama vile hapakuwahi kupandwa kitu. Nilipouona usafi ule nikajua ni mkono wa nani. Tundu la msumari na dawa ya meno.

Mti ulikuwa uani, ndani ya kopo la rangi ambalo mama hutekea maji, umesindiliwa udongo, majani yameanza kulegea. Binti yangu alikuwa amekaa kando yake na begi lake limefungwa.

"Nimekabidhi, bibi," akasema. "Nimepaacha kama nilivyopakuta."

Mama yangu alifoka. Alisema kwa Kiluguru, alisema kwa Kiswahili, akaenda zake kwa kuku na siku ile nzima akawa anazungumza na kuku tu. Mimi nilichuchumaa mbele ya mwanangu nikamuuliza kwa nini. Alinieleza bila kunitazama. Alipokuwa mdogo, Songea, alipanda mbegu ya papai nyuma ya bafu, ikaota, ikamfika kifuani. Tukahama. Baadaye tuliporudi huko kwa harusi ya binti wa jirani, yeye na rafiki yake walizunguka nyuma ya ile nyumba yetu kwenda kuuona. Watu waliokuja baada yetu walikuwa wameukata, wakafunga kamba ya nguo kwenye kisiki.

"Wataukata na huu," akasema. "Wakija wengine hawajui ni wa nani. Bora niende nao."

Nilijua mwanangu anapenda mapapai. Sikujua kwamba aliwahi kuwa na wa kwake. Nilimshika kichwa nikakiweka begani kwangu, na hapo ndipo alipolia, kwa ajili ya mpapai wa miaka ile yote.

Kijijini habari haihitaji bodaboda. Kufika jioni kila mtu alijua kwamba mjukuu wa bibi fulani ameng'oa mti wake kwa mkono wake mwenyewe. Kwetu hilo halina tafsiri mbili. Mtu aliyeng'oa mti alioupanda amesema: hapa si pangu. Kaka yangu akatangaza kwamba Jumapili baada ya misa ukoo ukae barazani kwa mama, jambo limalizwe.

Jumamosi mume wangu alifika, amevaa fulana ya kiraia na viatu vilivyong'aa vile vile. Nilimweleza yote. Alikwenda kulitazama lile kopo, akaugusa udongo wake kwa kidole, akalimwagia maji kidogo, akalisogeza kivulini. Mimi nilisema kwa niaba ya wote wawili.

Jumapili watu wakakaa. Kaka yangu alianza kwa sala, akaja kwenye neno. "Mimi sikumtuma mtu," alisema. "Mti umeng'olewa na mkono ulioupanda. Mkono umeshasema. Na wao wanakwenda Kigoma. Wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo."

Niliruka kitini. Nilimwambia kaka yangu kwamba huyo ni mtoto, si shahidi mahakamani, na kwamba yeye mwenyewe akiwa na umri ule aling'oa mihogo ya padri akala mbichi. Niliongeza na mengine ambayo siyarudii hapa, kwa kuwa watu walikuwa wametoka kukomunika. Mama akaniambia nikae. Nikakaa.

Ndipo mume wangu akasimama. Kwa mama mkwe wake huwa hainui macho, lakini kwa shemeji zake ni mtani, na mtani ana ruhusa ambayo hata padri hana. Alikwenda uani akalichukua lile kopo, akajitwika kichwani. Akaanza kuzunguka uwanja kwa mwendo wa mpagazi, magoti yamelegea, anahema kwa nguvu, anajifuta jasho lisilokuwepo. "Tabora mpaka pwani!" akaita. "Waluguru, tupisheni njia, au tuwabebe na nyinyi?"

Wanawake waliangua kicheko. Kaka yangu alijikaza, akashindwa, akacheka mkono uko mdomoni. Mume wangu akalitua kopo mbele yake. "Shemeji," akasema, "mtu akikikataa kitu hukitupa. Mtoto huyu mti wake hakuutupa, kaubeba. Angekuwa Mluguru mtupu angeuacha ukae ardhini. Kilichomponza ni damu ya Kinyamwezi, kwa hiyo faini nitozeni mimi."

"Utani ni utani, shemeji," kaka yangu akasema, akijifuta macho. "Shamba ni shamba." Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Akamgeukia binti yangu, akamwita kwa mkono. "Njoo, mpwa wangu. Wewe ndiye wa ukoo hapa, siyo baba yako. Sema mwenyewe. Huu mti unautaka mahali pale, au huutaki?"

Binti yangu alisimama kama anavyosimama darasani, mikono nyuma. Nilitamani kumjibia, nikajiuma ulimi.

"Mjomba," akasema, "sisi tukiondoka, nani anakuja kukaa hapa?"

Kaka yangu hakuelewa. Alidhani anaulizwa habari ya wapangaji. Aliwatazama wenzake, wakatazamana. Mimi nilielewa, nikamgeukia mama yangu.

Mama yangu, aliyekuwa amenuna tangu juzi ile, ndiye aliyejibu. Aliongea polepole, kama mtu anayegundua swali lilikuwa wapi siku zote. "Hapa hawaji watu wengine, mjukuu wangu. Nilikuja mimi baada ya mama yangu. Nikiondoka mimi, anayekuja ni wewe."

"Hata nikiwa Kigoma?"

"Hata ukiwa mwezini. Hakuna mtu wa kukupokea funguo."

Binti yangu alifikiri. Kisha akainama, akalinyanyua kopo kwa mikono miwili, akashuka nalo njia ya kijitoni bila kumuaga mtu.

Kaka yangu aliinuka kumfuata, na sote tukainuka tukateremka, na nguo zetu za kanisani. Tulimkuta anafukua pale pale. Kaka alikaa juu ya jiwe akauliza, sasa akiwa mkulima na si msemaji wa ukoo, nani atamwagilia mti huu kiangazi hiki chote, maana umeguswa mizizi wakati mbaya. Yule binti wa marehemu dada yetu, aliyekuwa kimya siku zote hizo wakati watu wakigombea shamba kwa jina lake, akasema, "Mimi nitaumwagilia, mjomba. Ila nilime maharage pembeni, mpaka mwenye mti arudi." Kaka yangu alimtazama, akamtazama mama, akaguna. Likawa limekwisha.

Tuliondoka mkarafuu umeinamisha majani yote. Sikumwambia binti yangu kwamba nilikuwa nimeshaukatia tamaa, na nina hakika kila mtu mzima aliyesimama pale alikuwa ameukatia tamaa isipokuwa mama yangu. Mjini nilishusha mapazia mapya nikayakunja. Binti yangu akaziba matundu kwa dawa ya meno, mdogo wake akarudisha mawe, mtu mwenye kalamu sikioni akahesabu taa zake. Tukaenda.

Kigoma niliichukia kwa muda wa kutosha, kisha ikanishinda, hasa nilipoonja migebuka, samaki wa ziwa lake. Picha za Kinole zilikuwa zikija kwenye simu yangu kutoka kwa yule binti wa marehemu dada yetu. Kwanza kijiti chenye majani ya kahawia. Halafu kijiti kitupu, nikakificha, nisimwonyeshe mtu. Halafu, vuli ilipoanza, picha moja iliyopigwa karibu mno, nusu kidole cha mpigaji, na kwenye ncha ya kijiti majani mawili mekundu-mekundu, kama yalivyo majani machanga ya mkarafuu. Nilipiga kelele mpaka mwanangu wa kiume akaja mbio akidhani kuna nyoka. Dada yake aliichukua simu, akaitazama picha ile muda mrefu, akanirudishia. "Nilijua," akasema. Hakuwa amejua, muongo, nilimwona alivyoyahesabu majani yale mawili kwa kidole.

Kesho yake alirudi kutoka shuleni akitaja wenzake wapya kwa majina, nani anaimba, nani ana mama mchoyo, nani anaogopa ziwa, mpaka nikamwambia ale kwanza. Jioni nilikuwa nyuma ya kota nachimba tuta langu la mchicha. Akaja na mbegu za papai kwenye kiganja, zimekaushwa, akachagua mahali karibu na uzio akaanza kuchimba kwa kijiko.

Nilimwacha kidogo. Halafu nikashindwa. "Mwanangu, wa Songea unaukumbuka lakini."

"Naukumbuka." Alifukia, akasawazisha kwa kiganja, akasimama akijikung'uta magoti. "Wakiukata shauri yao, mama. Wangu uko Kinole."